Fishi ya mgonjwa imeingia kwenye kompyuta, ufunguo uko mikononi mwa nani?

Hospitali za mashariki mwa Kongo zimeanza kuaga rafu za makaratasi. Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, hata katika vituo vya afya vya vijijini vinavyosaidiwa na mashirika, kuna madirisha ya mapokezi ambako karani haandiki tena ndani ya rejista kubwa ya mistari. Anaandika jina la mgonjwa kwenye kompyuta ama kwenye tableti. Ni hatua njema. Mtu aliyewahi kukaa asubuhi nzima kwenye benchi akingoja fishi yake ya mwaka jana itafutwe hatalia akiona rafu hizo zinaondoka.

Lakini katika haraka hii kuna swali ambalo wakurugenzi, wafadhili na serikali wanalizunguka kama dereva anavyozunguka shimo la barabarani: fishi ikiisha kuingia ndani ya mashini, nani anaweza kuifungua, na nani atajua kwamba imefunguliwa?

Kwanza kompyuta ipewe haki yake. Karatasi haikuwa mlinzi mzuri. Panya waliila, paa lilivuja juu yake, na mara nyingi mgonjwa wa shinikizo la damu anayerudi baada ya miezi sita anapewa fishi mpya na namba mpya kwa sababu ile ya zamani haionekani. Daktari anaanza kumuuliza upya dawa alizokuwa anakunywa, naye anajibu: "zile nyeupe ndogo." Karne ya chanjo ya mtoto inabaki nyumbani juu ya kabati siku risasi zinapolia. Katika miaka hii ya vita akina mama wengi walifika kambini Bulengo ama Minova na mtoto mgongoni bila karatasi hata moja, na muuguzi akabaki kubahatisha chanjo gani mtoto amekwisha pata.

Programu nzuri inapunguza matatizo hayo. OpenClinic, kwa mfano, inapatikana bure na imetumika katika hospitali za Rwanda, Burundi na Kongo. Inaunganisha mapokezi, labo, farmasi na dirisha la malipo, ili mgonjwa awe na namba moja popote anapopita ndani ya hospitali. Isichanganywe na DHIS2, ambayo wizara ya afya inaitumia kukusanya hesabu kutoka zone za afya 519 za nchi. Katika ripoti hizo za kila mwezi kinachopita ni idadi: malaria ngapi, uzazi ngapi, vifo vingapi. Hakuna jina la mtu. Dosie ya hospitali inamtaja mtu kwa jina, na hapo ndipo mambo yanabadilika kabisa, hata kama wakubwa wengi wanazungumza juu ya vitu hivyo viwili kana kwamba ni kimoja.

Ndani ya dosie moja ya hospitali ya Kivu ama Ituri kuna mambo ambayo mwenyewe hajamwambia hata ndugu yake. Kuna jina, kartie, namba ya simu, jina la mume ama la baba. Halafu kuna matokeo ya kipimo cha virusi vya ukimwi, kifua kikuu, kaswende, mimba iliyotoka, kulazwa kwa ugonjwa wa akili, ubakaji, jeraha la risasi. Kila neno kati ya hayo, likitoka nje ya chumba cha daktari, lina mahali linakokwenda kupiga. Neno "ukimwi" linafika kwa bosi na kwa mwenye nyumba. Neno "ubakaji" linafika kwa mume na kwa wakwe, na wanawake wengi wa Kivu wamefukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo bila kosa lolote. Neno "risasi" linafika kwa mwenye bunduki.

Hofu hii ya mwisho ina msingi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilitangaza kwamba usiku wa tarehe 28 Februari 2025, mwezi mmoja baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23, wapiganaji wa kundi hilo waliingia katika hospitali ya CBCA Ndosho na ile ya Heal Africa wakachukua wagonjwa 116 kwa moja na 15 kwa ingine, wakiwashuku kuwa askari wa FARDC ama Wazalendo. Taarifa hiyo haikutaja kompyuta. Lakini inaonyesha kwamba kitanda cha hospitali kimekwisha kuwa mahali pa kutafutia watu. Sasa hospitali yenye mashini inayoweza kutoa, kwa kubonyeza mara moja, majina ya wanaume wote wa miaka 18 hadi 40 walioingia na jeraha la risasi tangu mwanzo wa mwaka, pamoja na kartie zao na namba zao za simu, ina kitu ambacho kila mwenye silaha, wa upande wowote, atakitamani. Rafu za karatasi hazikuweza kujibu swali la namna hiyo. Ingelazimu watu watano na wiki mbili za kupekua vumbi. Kompyuta inajibu kabla mtu hajamaliza kuketi.

Watu wakisikia "usalama wa data" wanafikiria mwizi wa mtandaoni, kijana aliyejifungia chumbani Ulaya ama Asia akivunja milango ya hospitali za mbali. Wezi hao wapo. Hata hivyo, katika hospitali za huku, siri inatoka kwanza kupitia mlango wa mbele, mchana kweupe, na anayeitoa mara nyingi hana nia mbaya.

Chukua jambo la neno la siri. Katika huduma nyingi kuna akaunti moja kwa wote: ya maternite, ya labo, ya dharura. Neno la siri limeandikwa kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa pembeni ya kioo, ama ni jina la hospitali likifuatwa na mwaka. Muuguzi wa usiku anafungua asubuhi, anakwenda nyumbani bila kufunga, wa mchana anaendelea hapo hapo. Mwanafunzi wa staji anatumia, mfagiaji akitaka anaweza kutumia. Siku habari ya mgonjwa fulani inasikika sokoni, mkurugenzi anaitisha mkutano, kila mmoja anaapa kwa jina la mama yake, na mashini inaonyesha kwamba dosie ilifunguliwa na "Maternite". Maternite ni nani? Ni watu kumi na wawili. Uchunguzi unaishia pale.

Daftari la karatasi lilikuwa na aibu yake: mtu akilifungua alionekana akilifungua. Chumba cha fishi kilikuwa na mlinzi wake, mara nyingi mzee mmoja mkali mwenye kujua kila rafu, aliyeuliza "unataka ya nani, na umetumwa na nani?" Kompyuta nyingi zimewekwa bila mzee huyo. Programu karibu zote za hospitali zinaweza kufanya kazi yake, kuandika nani amefungua dosie gani na saa ngapi, lakini kazi hiyo haina maana kama watu kumi na wawili wanavaa jina moja.

Halafu kuna simu. Picha ya radio ya mguu uliovunjika inapigwa picha ingine kwa simu ya daktari, inatumwa WhatsApp kwa mwenzake wa Kampala ama Kinshasa ili atoe shauri. Ni jambo linaloponya watu, na hakuna mwenye akili atakayewaomba madaktari waache kuomba shauri. Shida ni kwamba pembeni ya picha hiyo kuna jina kamili la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa, kundi lina watu themanini, kati yao kuna waliokwisha hama kazi miaka mitatu iliyopita, na simu hiyo hiyo jioni inachezewa na watoto nyumbani. Kukata jina kabla ya kutuma kunaomba sekunde tano. Hospitali chache zimewafundisha watumishi wake hizo sekunde tano.

Dirisha la malipo nalo linasahaulika. Mgonjwa anayefichwa vizuri na daktari wake anafichuliwa na fakturi. Karatasi ya malipo inaandika kipimo gani kilifanywa na dawa gani zilitolewa, inapita mikononi mwa shangazi aliyekuja kulipa, mwa mlinzi wa mlangoni anayehakikisha kwamba deni limelipwa, na kwa wanachama wa mutueli ya afya inapelekwa hadi ofisi ya mutueli, wakati mwingine kwa majirani wa parokia moja na mgonjwa. Mutueli inahitaji kujua kwamba huduma ilitolewa na kiasi cha franga kinachodaiwa. Jina la ugonjwa linaweza kuwa namba tu.

Kuna pia mashini zinazokufa. Kompyuta ya zamani ya hospitali ikiharibika inapelekwa kwa fundi wa mjini, ama inauzwa, ama mradi mpya unapokuja inagawiwa kwa shule. Diski yake inakwenda nayo. Kufuta mafaili kwa kubonyeza "futa" hakuondoi kitu. Fundi mwenye programu ya bure anayarudisha kwa dakika chache. Kwa karatasi, mwizi alibeba dosie moja, labda kumi chini ya koti. Kwa flashi ndogo kama kidole anabeba hospitali nzima, miaka yote, na kesho yake hakuna anayegundua kwamba kuna kilichoibwa, kwa sababu kila kitu bado kiko mahali pake.

Wapo wanaosema kwamba hospitali ya Kongo ni ndogo mno kuwavutia wezi wa mtandaoni. Yaliyotokea kwingine yanawapinga. Finland, kampuni ya matibabu ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo iliibiwa kumbukumbu za mazungumzo ya wagonjwa wake. Mwaka 2020 mwizi akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akiwadai pesa ili asiyatangaze mambo waliyomwambia mtaalamu wao. Waliohusika walikuwa kama 33,000, na kampuni ikafilisika. Afrika Kusini, Juni 2024, wahalifu walishambulia mashini za maabara ya taifa ya afya, NHLS, wakafuta hata nakala za akiba. Matokeo ya vipimo ya hospitali za umma yakachelewa, yale ya haraka yakalazimika kutolewa kwa simu.

Na tukio linaloigusa zaidi Kongo ya mashariki ni la Januari 2022. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba data za watu zaidi ya 515,000 zimeingiliwa: watu waliopotezana na familia zao kwa vita, uhamaji ama maafa, watu waliopotea, wafungwa. Ni kazi ile ile ambayo wakaaji wa Kivu na Ituri wanaijua, ya kuandika jina la mtoto aliyepotea njiani ili atafutwe. Shirika hilo lenyewe lilieleza kwamba wavamizi walipitia tundu la programu ambalo lilikuwa na kiraka chake tayari, ila kiraka hakikuwa kimewekwa kwa wakati. Kama shirika lenye mafundi wa kutosha Geneva lilichelewa, hospitali yenye fundi mmoja anayeshughulikia pia jenereta na televisheni ya mkurugenzi haina sababu ya kulala.

Kulinda siri ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kwamba dosie iwepo siku inapohitajika. Huku umeme unakatika, mazutu yanakosekana, betri za umeme wa jua zinazeeka. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi Constant Ndima akaamuru sehemu ya mji wa Goma ihame. Mamia ya maelfu ya watu walikwenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, umeme na intaneti vilikatika mjini. Anayekunywa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, anayetumia insulini, anayetibiwa kifua kikuu sugu, hao wote ugonjwa wao haukungoja umeme urudi.

Ndiyo maana habari ya "data ziko salama, ziko kwenye serveri" haitoshi. Serveri gani? Iko chumba gani? Katika jengo moja na ile nakala ya akiba? Ukikuta nakala iko kwenye diski iliyochomekwa kwenye mashini ile ile, hiyo haiwezi kuitwa nakala, kwa sababu moto mmoja, mwizi mmoja ama virusi kimoja cha kompyuta vinachukua vyote viwili. Wengine wanaweka kila kitu kwenye intaneti, katika mashini za nje ya nchi. Zinapona moto, lakini siku intaneti inakatwa hospitali inakuwa kipofu, na sheria ya nchi ambako data zimelala si sheria ya Kongo. Njia yenye busara kwa mazingira ya huku ni ya kuchanganya: mashini ya kazi hospitalini, nakala moja iliyofungwa kwa maandishi ya siri katika mji mwingine, na karatasi moja ya muhtasari mkononi mwa mgonjwa wa ugonjwa wa kudumu, ikitaja dawa na vipimo vyake kwa namna ambayo daktari anaelewa na mpita njia haelewi. Karatasi bado ina kazi. Na nakala isiyojaribiwa kurudishwa, hata mara moja kwa miezi mitatu, haipaswi kuhesabiwa.

Madaktari wana jibu lao, na ni jibu zito. Saa nane za usiku, mama anavuja damu, hakuna wakati wa kutafuta nani ana ruhusa gani. Kufuli nyingi zinaua. Ni kweli kabisa, na programu iliyotengenezwa na watu wasiowahi kulala zamu huwa inasahau hilo. Lakini dharura ina dawa yake inayojulikana: daktari yeyote wa zamu anafungua dosie yoyote, mashini inamuomba aandike sababu kwa maneno matatu, na asubuhi mkubwa wake anaisoma orodha ya zilizofunguliwa hivyo. Aliyemuokoa mama hana cha kuogopa. Aliyefungua dosie ya mpenzi wake wa zamani atakuwa na la kueleza.

Jibu lingine linatoka kwa watu wa afya ya umma: magonjwa ya mlipuko yanadai majina. Ebola iliyoanza Kivu Kaskazini na Ituri Agosti 2018 ikatangazwa kumalizika Juni 2020 ilihesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Bila orodha ya waliokutana na mgonjwa, isingezimwa. Hilo halina ubishi. Lakini Beni na Butembo zinakumbuka pia jambo lingine: watu waliokimbia wasifuatiliwe, waliotoa majina ya uongo, waliowaficha wagonjwa wao nyumbani. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na mauaji ya miaka mingi vikiwemo. Kuona gari la timu ya riposte likisimama mbele ya nyumba na kartie nzima ikijua kwa nini limesimama, hiyo nayo ilikuwa sababu. Mtu asiyeamini kwamba jina lake litalindwa halitoi, ama anatoa la jirani. Kwa hiyo usiri unawasaidia pia wale wanaohesabu magonjwa, kwa sababu hesabu yenye majina ya uongo haizimi mlipuko.

Sheria hazikosekani. Katiba ya 2006, katika ibara ya 31, inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Kanuni ya adhabu, ibara ya 73, inamuadhibu anayetoa siri aliyoaminiwa kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya Julai 2008 inawalinda wanaoishi na virusi vya ukimwi. Ile ya Desemba 2018 inapanga misingi ya afya ya umma, na Kanuni ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaweka masharti juu ya data za watu, zile za afya zikiwa kati ya data nyeti, na inataka pawepo mamlaka ya kuzilinda. Kwenye karatasi, Kongo haina cha kuionea wivu nchi jirani. Ila mgonjwa wa Walikale ama wa Shabunda ambaye siri yake imetoka hana ofisi anayoijua ya kwenda kugonga, na hakimu wa karibu yuko umbali wa siku mbili kwa pikipiki. Katika miji ambako tangu mwanzo wa 2025 amri haitoki tena Kinshasa, sheria ya Kinshasa haifiki mlangoni. Hapo kinachomlinda mgonjwa ni kile ambacho hospitali yake ilijiwekea yenyewe kabla mambo hayajaharibika.

Inawezekana, na mfano upo karibu. MediCapt ni programu ya simu iliyoundwa na shirika la Physicians for Human Rights pamoja na waganga wa Kenya na wa Kongo, wakiwemo wa hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, kwa ajili ya kuandika ushahidi wa ubakaji: fishi ya uchunguzi na picha za majeraha. Walioitengeneza walianza na swali la nani ataona. Data zinafungwa kwa maandishi ya siri, haziachwi ovyo ndani ya simu, na kila hatua inaacha alama, kwa sababu mahakama itauliza ushahidi huu ulipita mikononi mwa nani. Ni aibu kidogo kwamba uangalifu huo umewekwa kwa fishi moja tu, ya ubakaji, wakati mwanamke huyo huyo akivuka uwanja kwenda labo anakuta rejista imefunguliwa juu ya meza, kipimo chake na jina lake vikisomeka na kila anayengoja.

Mengi ya kufanya hayaombi dola. Akaunti yenye jina la mtu, moja kwa kila mtumishi, ni bure. Kuifunga akaunti siku mtumishi anapohama ni bure, na huku ambako watu wanaruka kutoka mradi mmoja hadi mwingine, hospitali zina akaunti hai za watu wanaoishi siku hizi Kisangani ama Nairobi. Karani wa mapokezi anahitaji jina na namba. Hahitaji kuona matokeo ya labo. Mhasibu anahitaji bei. Kioo kinachojifunga chenyewe baada ya dakika tano ni jambo la kubofya mara mbili kwenye mpangilio wa mashini. Neno la siri la msimamizi mkuu lisibaki kichwani mwa fundi mmoja, kwa sababu fundi anaweza kufa, anaweza kukimbia vita, anaweza pia kugombana na mkurugenzi juu ya mshahara wa miezi minne. Liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, katika sanduku la chuma la hospitali, na saini mbili juu yake.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni kutoandika. Fishi nyingi zilizorithiwa kutoka zamani zinauliza kabila, usultani na kijijini kwao mgonjwa. Kujua mtu anatoka eneo gani la afya kunasaidia kutafuta kipindupindu kilikotokea. Kabila halisaidii kutibu chochote katika dharura ya Bunia ama ya Masisi, na katika majimbo ambako watu wamekwisha kuuawa kwa ajili ya jina la kabila, sanduku hilo dogo kwenye fishi ni hatari iliyohifadhiwa bila sababu. Programu mpya inapowekwa, mara nyingi fundi ananakili fishi ya zamani jinsi ilivyo, mstari kwa mstari, na hakuna anayemwambia mstari huo uachwe. Hakuna mwizi anayeweza kuiba kisichoandikwa.

Baki ni suala la wafadhili, na hapo hospitali zinajifanya ndogo kuliko zilivyo. Mradi unakuja na tableti 30, mafunzo ya siku tatu katika hoteli, nembo kwenye mlango. Miaka miwili baadaye unafungwa. Abonema ya serveri ilikuwa ikilipwa kutoka ofisi ya nje. Mwezi unaofuata hakuna anayelipa, na hospitali inagundua kwamba dosie za wagonjwa wake zimo katika mashini isiyo yake, chini ya neno la siri lisilo lake. Mkurugenzi anayeogopa kumkasirisha mfadhili anasaini bila kuuliza. Lakini mkataba unaosainiwa mwezi huu unaweza kubeba sentensi moja zaidi, nayo haimuongezei mfadhili gharama yoyote: siku mradi unafungwa, data zote zinarudi hospitalini zikiwa kamili na zinasomeka kwa programu ya kawaida, na nakala iliyobaki kwa shirika inafutwa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.